Jina la Teknetiamu katika Kiswahili: Kati ya Kufasiri na Kuazima

1.0 Utangulizi

Kila lugha inayotumika kufundishia sayansi au kutolea huduma zitokanazo na sayansi hukabiliwa na vitu ambavyo wasemaji wake hawajapata kuviona wala kuvigusa. Miongoni mwa vitu hivyo ni elementi za kemia zilizotengenezwa na binadamu. Dhahabu, fedha, shaba, chuma na risasi zina majina ya siku nyingi katika Kiswahili kwa sababu zilipita mikononi mwa wahunzi, masonara na wafanyabiashara. Elementi iliyozaliwa katika maabara haina historia ya namna hiyo. Huja ikiwa na jina tu, tena jina lililokwisha kuamuliwa mahali pengine.

Makala haya yanachunguza jina la elementi mojawapo, yaani ile yenye namba ya atomi 43 na alama Tc, ambayo katika maandishi ya kimataifa huitwa technetium na ambayo humu itaitwa teknetiamu. Elementi hii imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ndiyo elementi mpya ya kwanza kupatikana kwa kutengenezwa na binadamu, na jina lake linatangaza jambo hilo. Pili, si kitu cha vitabuni tu. Isotopu yake moja, teknetiamu-99m, ndiyo inayotumika zaidi duniani katika uchunguzi wa magonjwa kwa tiba ya nyuklia, na nchini Tanzania hutumika katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Mgonjwa wa Kwashemshi, wilayani Korogwe, akipewa rufaa kwenda huko anaweza kudungwa elementi hiyo mshipani kabla hajapata kulisikia jina lake.

Swali linaloulizwa ni hili: je, Kiswahili kilifasiri jina hilo, yaani kiunde neno linaloeleza maana yake, au kiliazime jinsi lilivyo na kulitohoa? Hoja inayotetewa ni kwamba jina la elementi laweza kuwa halieleweki kwa msikiaji na bado likafanya kazi yake barabara, mradi liwe na umbo moja. Yanayohitaji kueleweka ni maneno yanayoizunguka elementi hiyo, yale yanayoeleza tabia yake na athari zake. Kuyachanganya makundi haya mawili kumekuwa chanzo cha ubishi mwingi usio wa lazima katika uundaji wa istilahi.

2.0 Elementi Namba 43: Kutafutwa, Kutengenezwa na Kupewa Jina

Elementi namba 43 ilikuwa na majina kabla ya kuwapo mkononi mwa mtu yeyote. Mnamo mwaka 1871 mwanakemia Mrusi Dmitri Mendeleev, alipopanga jedwali lake la elementi, aliacha nafasi tupu chini ya manganisi. Elementi aliyotabiri kwamba ingejaza nafasi hiyo aliiita kwa muda ekamanganisi. Eka ni neno la Kisanskriti lenye maana ya 'moja'. Kwa hiyo jina hilo lilimaanisha elementi iliyo hatua moja baada ya manganisi. Mwaka 1913 Mwingereza Henry Moseley alionyesha, kwa kupima eksirei zitokazo katika elementi mbalimbali, kwamba kila elementi ina namba yake maalumu. Tangu hapo ikawa wazi kwamba namba 43 haikuwa na mwenyewe.

Mwaka 1925 wanasayansi watatu wa Ujerumani, Walter Noddack, Ida Tacke na Otto Berg, walitangaza kuwa wameiona elementi hiyo. Waliiita masuriamu, kwa jina la Masuria, eneo lililokuwa sehemu ya Prussia ya Mashariki. Ugunduzi wao wa elementi namba 75, reniamu, ulithibitishwa. Ule wa masuriamu haukuthibitishwa. Jina likabaki bila kitu.

Kitu chenyewe kilipatikana mwaka 1937 katika Chuo Kikuu cha Palermo, kisiwani Sicily. Mwanafizikia Emilio Segrè alikuwa amezuru maabara ya Ernest Lawrence huko Berkeley, Marekani, ambako kulikuwa na siklotroni, mashine ya kuharakisha chembe ndogo za atomi. Baadaye Lawrence alimpelekea kwa posta bamba jembamba la molibdeni lililokuwa limepigwa kwa muda mrefu na chembe hizo. Molibdeni ni elementi namba 42. Segrè na mwenzake Carlo Perrier waliichambua sampuli hiyo kwa njia za kemia, wakabaini kwamba sehemu ya molibdeni ilikuwa imegeuka kuwa elementi namba 43.

Wakuu wa chuo walipenda elementi hiyo iitwe panormiamu, kutokana na Panormus, jina la Kilatini la mji wa Palermo. Hata hivyo, jina lilipotolewa mwaka 1947 halikufuata mji wala mtu. Wagunduzi walichagua neno la Kiyunani technetos, lenye maana ya 'kilichotengenezwa kwa ufundi'.

Jina hilo lilikuwa na msingi. Teknetiamu haina isotopu hata moja iliyo thabiti. Zote ni nururifu, yaani viini vyake huvunjika vyenyewe na kutoa mionzi. Isotopu zake zinazodumu zaidi zina nusumaisha ya takriban miaka milioni 4. Kwa kuwa umri wa dunia ni kiasi cha miaka milioni 4,500, teknetiamu yoyote iliyokuwapo dunia ilipoumbika imekwisha kutoweka zamani.

Katika historia hii fupi kuna aina nne za majina: jina la nafasi (ekamanganisi), jina la mahali pa kujivunia (masuriamu), jina la mji wa wagunduzi (panormiamu) na jina la sifa (teknetiamu). Aina hizi ndizo zinazotawala hadi leo. Kwa mujibu wa kanuni za IUPAC, chombo cha kimataifa kinachosimamia istilahi za kemia, elementi mpya inaweza kupewa jina kutokana na visasili, madini, mahali, sifa ya elementi au mwanasayansi.

3.0 Jina Linaloeleza na Jina Linaloelekeza

Ili kupima iwapo jina kama hili lifasiriwe, inafaa kutazama kwanza jinsi wasemaji wa Kiswahili na lugha jirani wanavyovipa majina vitu na mahali. Eneo la Korogwe na Handeni linatoa mifano miwili iliyo bayana.

Mfano wa kwanza ni mkonge, zao ambalo mashamba yake yamekuwa sehemu ya maisha ya Kwashemshi na ya bonde lote la Korogwe. Mmea huu uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, aliyepata miche kutoka Florida. Lugha za Ulaya huuita kwa jina la Sisal, bandari ya Yucatan nchini Meksiko. Wasemaji wa Kiswahili hawakulihitaji jina hilo. Walikuwa tayari na neno mkonge kwa mimea ya porini yenye majani marefu yatoayo nyuzi. Mmea mgeni ulipofanana na ule wa wenyeji, maana ya neno ilipanuliwa na jambo likaisha.

Upanuzi wa maana wahitaji mfanano unaoonekana. Mkulima aliuona mkonge mpya, akaushika, akaulinganisha na aliokuwa akiujua. Teknetiamu haina cha kulinganishwa nacho machoni pa msemaji wa kawaida. Mendeleev aliweza kupanua jina la manganisi likawa ekamanganisi kwa sababu jedwali lake lilimwonyesha mfanano. Lakini mfanano huo ni wa wanakemia, hauko sokoni wala shambani.

Mfano wa pili ni jina Kwashemshi lenyewe. Kwa umbo lake, jina hili lina sehemu mbili: kiambishi cha mahali kwa- na jina la mtu, Shemshi. Kiambishi She- ni cha kawaida katika majina ya wanaume miongoni mwa Wasambaa, Wabondei na Wazigua. Mtindo huu wa kuita mahali kwa kutanguliza kwa- umeenea katika wilaya zote mbili: kuna Kwamndolwa na Kwagunda upande wa Korogwe, na Kwamatuku, Kwaluguru na Kwamsisi upande wa Handeni. Kuna pia majina ambayo ndani yake mnasikika kitu badala ya mtu, kama Kwediboma, ambamo neno boma linatambulika mara moja.

Jambo la kuzingatia ni namna majina haya yanavyofanya kazi. Kondakta wa basi anayeita abiria wa Kwashemshi hahitaji kujua Shemshi alikuwa nani, aliishi lini au alikuwa na mashamba mangapi. Mwalimu aliyehamishiwa huko kutoka Kigoma hulitumia jina hilo tangu siku ya kwanza bila kulichanganua. Jina halimwelezi mahali; linamwelekeza mahali. Abiria angepotea iwapo tu mahali hapo pangeitwa kwa jina moja na kondakta, kwa jina jingine na karani wa tiketi, na kwa jina la tatu katika ramani.

Majina ya elementi yana tabia hiyo hiyo. Berkeliamu ni elementi 'ya Berkeley', dubniamu ni 'ya Dubna', mendeleviamu ni 'ya Mendeleev'. Pale ambapo Mzigua hutanguliza kwa- mbele ya jina la mtu, mwanakemia huongeza mwisho wa -ium nyuma yake. Kazi ni ile ile, nayo ni kugeuza jina la asili kuwa kielekezi cha kitu kimoja tu.

Wanasayansi wenyewe walilipa gharama ya kusahau kanuni hii. Kwa miaka mingi elementi namba 104 iliitwa kurchatoviamu na watafiti wa Dubna, Urusi, na rutherfordiamu na wale wa Berkeley. Namba 105 nayo ilikuwa na majina mawili, nielsbohriamu na hahniamu. Msomaji wa majarida alilazimika kujua kwanza mwandishi yuko upande gani ndipo atambue anazungumzia elementi ipi. Mwaka 1978 IUPAC ilitoa majina ya muda yaliyoundwa kwa tarakimu za Kilatini na Kiyunani ili kukwepa ugomvi. Pendekezo la mwaka 1994 lilizua malalamiko mapya, na suluhu ilipatikana mwaka 1997 pale majina ya elementi namba 104 hadi 109 yalipoidhinishwa. Hakuna aliyelalamika katika miaka hiyo kwamba majina hayaeleweki. Malalamiko yalikuwa kwamba kitu kimoja kilikuwa na majina mawili.

4.0 Hatari ya Kufasiri Jina la Sifa

Yawezekana kupinga kwamba teknetiamu si jina la mtu wala la mahali. Ni jina la sifa, na sifa hufasirika. Kwa nini isiitwe kwa neno la Kiswahili lenye maana ya 'iliyotengenezwa'? Utaratibu unaofuatwa nchini katika kuunda istilahi unaonekana kuunga mkono pingamizi hili, kwani hutaka itafutwe kwanza katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, na ndipo kukopwe kwingineko. Utaratibu huo umezaa matunda mema. Neno kitivo, ambalo leo ni jina la sehemu ya chuo kikuu, lina asili katika lugha za milima ya Usambara na Upare, jirani kabisa na Korogwe.

Jibu la pingamizi hili linapatikana katika historia ya elementi yenyewe baada ya mwaka 1947. Mwaka 1952 mwanaastronomia Mmarekani Paul Merrill aliona alama za teknetiamu katika mwanga wa aina fulani ya nyota. Kwa kuwa elementi hiyo haidumu, kuwapo kwake kulionyesha kwamba ilikuwa ikizalishwa ndani ya nyota hizo zenyewe. Miaka kumi hivi baadaye, watafiti B. T. Kenna na P. K. Kuroda waliitenga teknetiamu-99 kutoka katika mawe ya urani yaliyotoka Kongo, nchi iliyokuwa koloni la Ubelgiji hadi mwaka 1960. Kiasi kilikuwa kidogo mno, takriban sehemu 0.2 za bilioni ya gramu katika kila kilo ya jiwe. Lakini kilikuwa cha asili, kimetokana na viini vya urani vinavyopasuka vyenyewe ardhini.

Machimbo makuu ya urani ya Kongo yalikuwa Shinkolobwe, katika jimbo la Katanga, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya migodini na mitaani. Kwa maneno mengine, elementi iliyoitwa 'ya kutengenezwa' ilikutwa imelala ndani ya mawe ya nchi ambayo wasemaji wa Kiswahili wanaiishi. Laiti Kiswahili kingekuwa kimelifasiri jina hilo kwa neno kama 'bandia', kingekuwa leo na istilahi inayomfundisha mwanafunzi uongo. Aliyeazima umbo la Kiyunani hana tatizo hilo, kwa sababu umbo lililoazimwa halidai chochote masikioni mwa msikiaji.

Kisa hiki si cha pekee. Oksijeni ilipewa jina lenye maana ya 'kizalisha asidi' kwa imani kwamba asidi zote huwa nayo. Baadaye ikathibitika kwamba zipo zisizo nayo. Atomi ilimaanisha 'kisichogawanyika', nayo imegawanywa. Maneno haya mawili yamebaki kwa amani katika Kiswahili kwa kuwa hayakufasiriwa. Elimu hubadilika, na jina linaloeleza sana huachwa nyuma na elimu.

Tatizo la kufasiri nusunusu linaonekana pia katika majina ya sayari, ambayo yanahusiana moja kwa moja na elementi nururifu. Urani, neptuniamu na plutoniamu, namba 92, 93 na 94, ziliitwa kwa kufuata mpangilio wa Uranus, Neptune na Pluto angani. Katika baadhi ya vitabu vya shule nchini Tanzania, hata hivyo, Neptune iliitwa Kausi na Pluto ikaitwa Utaridi. Majina hayo yalichukuliwa katika hazina ya zamani ya elimu ya nyota yenye asili ya Kiarabu, ambamo Kausi ni kundi la nyota la Mshale na Utaridi ni sayari iliyo karibu zaidi na jua. Mwanafunzi aliyejifunza hivyo hawezi tena kuona kwamba neptuniamu na plutoniamu ni majirani waliopangwa kwa kufuata sayari. Kufasiri upande mmoja na kuazima upande mwingine kulikata uzi uliounganisha maneno.

5.0 Umbo la Jina katika Kiswahili

Ikikubaliwa kwamba jina liazimwe, linabaki swali la umbo. Hapa ndipo penye uzito, kwa kuwa kutohoa kunaweza kufanywa kwa njia zaidi ya moja. Kwa elementi namba 43 maumbo matatu yanawezekana:

(a) teknishiamu, kwa kufuata matamshi ya Kiingereza;
(b) teknetiamu, kwa kufuata maandishi na kuhifadhi mwisho wa -iamu;
(c) tekneti, kwa kufuata maandishi na kukata mwisho.

Lugha nyingine zimefanya uchaguzi wa aina hii. Kirusi husema tekhnetsiy, Kireno tecnécio, kila moja ikivisha jina mwisho wa kwake. Kiarabu kimefuata matamshi ya Kiingereza. Kijapani, ambacho kama Kiswahili hupendelea silabi zinazoishia kwa irabu, husema tekunechiumu.

Umbo (a) lina kasoro ya kumfanya Mswahili afuate sikio la Mwingereza katika neno ambalo si la Kiingereza kwa asili. Pia linaficha uhusiano wa neno na maandishi yake, hata mtu anayesoma karatasi ya hospitali asitambue kwamba alilosikia na aliloandikiwa ni kitu kimoja.

Umbo (c) lina wepesi wake. Ndilo lililozaa alumini na urani, maneno yaliyokwisha kukita mizizi. Magazeti yamekuwa yakiandika madini ya urani katika habari za mradi wa Mto Mkuju, wilayani Namtumbo. Hata hivyo, njia hiyo haiwezi kufanywa kanuni. Radiamu ikikatwa mwisho inakuwa radi, neno ambalo kila Mswahili analijua kwa maana nyingine kabisa, tena ya kutisha.

Umbo (b) ndilo linaloelekea kufaa zaidi, kwa sababu tatu. Kwanza, linaingia katika safu ya sodiamu, potasiamu na kalsiamu, ambazo tayari zinatumika mashuleni na hospitalini. Mwisho wa -iamu umekuwa kama alama inayomwambia msikiaji kwamba jina hili ni la elementi. Pili, linatamkika. Mfuatano wa sauti kn si wa asili katika Kiswahili, lakini umekwisha kukubaliwa katika neno teknolojia. Tatu, ni kwamba teknolojia na teknetiamu zina shina moja la Kiyunani, lenye maana ya ufundi. Msomaji makini anaweza kuusikia udugu huo bila ya kulazimishwa na tafsiri.

Kisarufi, jina hili linakaa vyema katika ngeli ya I-ZI pamoja na majina mengine ya mkopo, na kwa kuwa hutaja kitu kisichohesabika, hutumika kwa upatanisho wa umoja: teknetiamu imepungua, teknetiamu hii. Alama yake, Tc, haibadiliki katika lugha yoyote, kama vile dhahabu ilivyo Au na risasi ilivyo Pb kwa wote.

6.0 Panapopaswa Kufasiriwa

Kusema kwamba jina la elementi lisifasiriwe si kusema kwamba msikiaji aachwe gizani. Mzigo wa maelezo unahamia kwenye istilahi za tabia. Hapa Kiswahili kimefanya kazi ya kusifiwa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia TUKI, ambayo tangu mwaka 2009 ni sehemu ya TATAKI, kilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Miongoni mwa istilahi zilizopo katika taaluma hii, nururifu imejengwa juu ya nuru kwa kiambishi tamati -fu kinachopatikana pia katika pungufu. Nusumaisha imeunganisha maneno mawili yanayojulikana na kila mtu.

Lakini uwazi wa istilahi una mitego yake. Nururifu humfanya msikiaji atarajie mwanga, ilhali mionzi ya gama inayotoka katika teknetiamu-99m haionekani kwa macho. Nusumaisha, ikitamkwa bila maelezo mbele ya mgonjwa, inaweza kudhaniwa kuwa inahusu maisha yake mwenyewe. Wauguzi wanahitaji sentensi iliyo kamili kuliko neno moja, kwa mfano:

"Mama, dawa utakayodungwa inaitwa teknetiamu. Inatoa mionzi kidogo ili kamera iweze kuiona mifupa yako. Kila baada ya saa sita nguvu yake hupungua kwa nusu. Je, una ujauzito, au unanyonyesha?"

Katika maelezo hayo jina la elementi limebaki lilivyo, na kila kinachomhusu mgonjwa kimesemwa kwa maneno ya kawaida. Kwa hesabu hiyo, baada ya saa 12 inabaki robo, na baada ya saa 24 inabaki sehemu moja kati ya kumi na sita, hata kabla ya kuhesabu ile inayotoka mwilini kwa haja ndogo. Swali la mwisho si la adabu tu. Jibu lake laweza kubadili uamuzi wa daktari, na mama asiyeelewa anaulizwa nini hawezi kulijibu sawasawa.

Yapo pia maneno ya kikazi yanayofasirika bila shida. Teknetiamu-99m hupatikana hospitalini kutokana na chombo chenye molibdeni-99, ambayo nusumaisha yake ni saa 66. Chombo hicho kilibuniwa katika maabara ya Brookhaven, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950. Molibdeni hugeuka kidogo kidogo kuwa teknetiamu. Maji ya chumvi yanapopitishwa ndani, teknetiamu hutoka nayo na molibdeni hubaki. Wataalamu wa Marekani na Uingereza hukiita chombo hicho 'ng'ombe' na kazi hiyo 'kukamua'. Sitiari hiyo haihitaji ufafanuzi mbele ya mfugaji wa Handeni. Ng'ombe aliyekamuliwa asubuhi hukamuliwa tena kesho, na kadiri siku zinavyopita maziwa hupungua. Ndivyo ilivyo kwa molibdeni.

Mwisho, kuna herufi moja isiyopaswa kudharauliwa, nayo ni m katika 99m. Inaashiria kiini ambacho bado kina nishati ya ziada na hakijatulia. Kikiitoa nishati hiyo, teknetiamu-99m hugeuka kuwa teknetiamu-99, ambayo nusumaisha yake ni takriban miaka 211,000, ingawa kwa kiasi kilichobaki mwilini mionzi yake ni hafifu mno. Kwa lugha ya isimu, hii ni jozi inayotofautiana kwa kipengele kimoja tu: yenye m ni ya saa 6, isiyo na m ni ya miaka laki mbili na zaidi. Mfasiri wa kijitabu cha wagonjwa au mwandishi wa habari anayeiangusha herufi hiyo kwa kuiona haina kazi, huwa amembebesha msomaji hofu ya miaka 211,000 badala ya subira ya siku moja. Hivyo inafaa itamkwe waziwazi: teknetiamu tisini na tisa emu.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba majina ya elementi zilizotengenezwa ni majina ya kuelekeza kuliko ya kueleza, na kwamba katika hilo hayatofautiani na jina kama Kwashemshi, linalotumika kila siku na watu wasiomjua Shemshi. Imeonekana pia kwamba kufasiri jina la sifa kuna hatari ya kuifunga lugha kwenye elimu ya jana, kama inavyothibitishwa na teknetiamu ya asili iliyokutwa katika mawe ya Kongo.

Kutokana na uchambuzi huu, mambo matatu yanapendekezwa kwa waundaji wa istilahi na watumiaji wake. Kwanza, majina ya elementi yaazimwe kwa kufuata maandishi ya kimataifa na kuhifadhi mwisho wa -iamu, isipokuwa pale ambapo umbo jingine, kama urani na alumini, limekwisha kuzoeleka. Pili, umbo likishachaguliwa litumike lile lile katika kamusi, vitabu vya shule, fomu za hospitali na matangazo ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Tatu, juhudi za kufasiri zielekezwe kwenye istilahi za tabia na za usalama, na kila istilahi ya aina hiyo iambatane na sentensi ya mfano inayoweza kusemwa mbele ya mtu asiyesoma kemia.

Masomo ya sayansi katika shule za sekondari za serikali nchini Tanzania hufundishwa kwa Kiingereza, lakini mgonjwa huhudumiwa kwa Kiswahili. Pengo hilo huzibwa kila siku na wauguzi na mafundi wa maabara, kila mmoja kwa namna anavyoweza. Istilahi yenye umbo moja ingewapunguzia kazi, na ingemwezesha mama aliyetoka Kwashemshi kurudi nyumbani akiwa na jina ambalo, akilitaja katika hospitali ya wilaya, litatambuliwa kuwa ni lile lile aliloambiwa Dar es Salaam.